Kwenye kivuko cha pundamilia, nani ana wajibu mkubwa zaidi: dereva au mtembea kwa miguu?

Mkazi wa Mkolani
Ndugu zangu wa Mwanza, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Katika Barabara ya Kenyatta, kuanzia Mkuyuni hadi Buhongwa, watoto wa shule na kina mama wa sokoni huvuka kila asubuhi kati ya daladala, bodaboda na malori yanayoelekea Shinyanga. Ajali ikitokea, madereva husema mtembea kwa miguu aliingia barabarani ghafla, nao watembea kwa miguu husema dereva alikuwa akiwahi abiria. Je, wajibu umegawanyikaje? Na mtoto wa darasa la pili tumfundishe nini, ikiwa hata akisubiri kwenye pundamilia magari hayamsimamii?

Dereva wa daladala, Buhongwa
Nianze na sisi madereva. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inatutaka tusizidishe kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na tumpishe anayevuka kwenye kivuko. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80 hukata mita 22, na sekunde nzima yaweza kupita kabla mguu haujagusa breki. Kwa sababu hiyo siamini katika mgawanyo wa nusu kwa nusu kati ya anayeendesha tani kadhaa za chuma na mtu aliyebeba beseni la dagaa kichwani.

Hata hivyo, gari ninaloliogopa zaidi ni la pili. Nikisimama kumpisha mtoto, bodaboda aliye nyuma yangu, ambaye haoni kwa nini nimesimama, huchomoka kulia ili anipite, wakati huohuo mtoto anatokeza mbele ya bampa langu akiamini kwamba njia yote iko salama. Ndiyo maana huwasha taa za hazadi mapema na kutoa mkono dirishani. Wenzangu, gari lililosimama kwenye pundamilia halipitwi, hata kama unadhani linashusha abiria.

Mwalimu wa shule ya msingi, Nyegezi
Dereva amegusa penyewe. Tumezoea kuwaimbisha watoto kuangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena, lakini wimbo huo hauwaambii la kufanya baada ya gari la kwanza kusimama. Mimi huwafundisha kwamba wakifika usawa wa taa ya mbele ya upande wa pili wa gari lililowapisha, wasimame, wachungulie, na wasiendelee mpaka wahakikishe hakuna kinachokuja. Mtoto mdogo bado hawezi kukadiria mwendo wa gari, kwa hiyo wa darasa la pili ashikwe mkono na mkubwa.

Wakubwa nasi tuna deni. Pasipo na njia ya miguu tutembee upande wa kulia, tukitazamana na magari, na anayewahi soko la samaki la Mwaloni kabla ya mapambazuko avae nguo ya rangi inayoonekana. Pale Furahisha kuna daraja la watembea kwa miguu. Mzazi anayevuka chini yake akiwa na mtoto tayari amekwisha kumfundisha.

Mkazi wa Mkolani
Nashukuru sana. Dereva, nikuulize: daladala zinaposimama hatua chache kabla ya pundamilia, si ndizo zinazowafunika watu wanaovuka?

Dereva wa daladala, Buhongwa
Ndivyo hasa. Kituo kikiwekwa baada ya kivuko, abiria anayeshuka huvuka nyuma ya gari, na dereva anayekuja humwona mapema. Barabara hiyo iko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, hivyo uongozi wa mtaa wenu uandike barua kuomba kituo kisogezwe, na uambatanishe picha zilizopigwa saa za shule. Wakati mkisubiri majibu, mwambieni konda asiwashushe watoto kabla ya pundamilia. Gari lisogee mita chache mbele, na hilo halihitaji kibali cha mtu.