Urani kwenye mkojo: kipimo kinaweza kuonyesha ilikotoka?

Mkazi wa Ilemela
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mdogo wangu alifanya kazi ya kuchoronga miamba katika eneo la utafiti wa urani wilayani Namtumbo, na mwaka jana alirejea nyumbani Mwanza, ambako tunakunywa maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwenye majabali ya granaiti. Anataka kupimwa mkojo. Urani ikionekana, tutajuaje kama ni ya vumbi la kazini au ya maji yetu?

Mkemia
Ndugu, karibu kila mtu ana urani kidogo mwilini kutokana na maji na chakula, kwa hiyo kuikuta tu kwenye mkojo hakutoshi. Wengi watakushauri mtazame uwiano wa U-235 na U-238 (aina mbili za atomu za urani zinazotofautiana kwa uzito), ambao ni muhimu sana kwa mtu aliyekutana na urani iliyopitia kiwandani: ya asili ina U-235 asilimia 0.72 hivi, ilhali iliyopunguzwa, yaani iliyoondolewa sehemu ya U-235 kiwandani, ina takriban asilimia 0.2. Lakini vumbi la Namtumbo na maji ya kisima chenu vyote ni vya asili, hivyo uwiano huo hautawatenganisha.

Ombeni U-234, aina ya tatu ya atomu za urani, ipimwe pia. U-238 inapotoa chembe ya alfa, atomu inayobaki husukumwa kwa nguvu na kuharibu mwamba unaoizunguka, kiasi kwamba U-234 inayopatikana baadaye huchukuliwa na maji kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana katika maji ya ardhini mionzi ya U-234 mara nyingi huizidi ile ya U-238, wakati katika mwamba mzima ambao haujaguswa na maji hukaribia kulingana. Pimeni maji ya kisima pamoja na mkojo. Uwiano wa U-234 na U-238 ukifanana katika vyote viwili, kisima ndicho cha kushukiwa kwanza.

Muuguzi, Nyamagana
Naongeza jambo moja linalonigusa sana, nalo ni muda. Sehemu kubwa ya urani inayoingia kwenye damu hutolewa na figo ndani ya siku moja hivi, lakini vumbi lisiloyeyuka kwa urahisi hubaki mapafuni na kuvuja kidogo kidogo kwa miaka. Kiwango kidogo leo hakifuti yaliyopita. Akusanye mkojo wa saa 24 katika chombo safi cha plastiki, akiwa nyumbani na si kazini penye vumbi, na figo zake zichunguzwe pia, kwani ndizo zinazodhuriwa kwanza na sumu ya urani.

Mkazi wa Ilemela
Nashukuru sana. Kisima chetu hakijawahi kupimwa urani. Kuna kikomo chochote cha kulinganishia?

Mkemia
Shirika la Afya Duniani limependekeza mikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa. Kuhusu maabara, anzeni kwa kuuliza Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha.