Makabrasha ya HP, kampuni ya kompyuta ya Marekani, yaliungua kwenye stoo ya kampuni, je kampuni ziachiwe historia peke yake?

Wakuu salama? Jana Soko la Kilombero nimenunua karanga za jero, nimezimaliza ndo naangalia karatasi niliyofungiwa, kumbe ni kopi ya kaboni ya hati ya kupokelea mzigo, 1987, ina muhuri wa zambarau na sahihi ya mtu wa stoo. Ofisi iliyoitoa naijua ila siitaji, walihama jengo makaratasi ya masjala wakayauza kwa kilo.

Nikakumbuka ya HP. Bill Hewlett na David Packard walianza 1939 kwenye gereji Palo Alto, Marekani, na barua zao na hotuba zao za miaka yote zilijaa maboksi zaidi ya 100, 2005 yakathaminiwa karibu dola milioni 2. Sasa kampuni ikagawanyika 1999 ikazaa Agilent, Agilent nayo 2014 ikazaa Keysight, maboksi yakaenda na mjukuu kama masufuria ya bibi. Oktoba 2017 moto wa nyika ukaingia Santa Rosa, makao ya Keysight, ukala kijengo chepesi walikoyaweka, majengo makubwa ya kampuni yakabaki yamesimama!!

Mimi nasema kampuni isiachiwe peke yake. Apple 1997 waliwapa Chuo Kikuu cha Stanford makabrasha yao na vitu vyao vya kale, leo mtafiti anaomba anasoma. Mnasemaje?

Mdau wa Moshi: Mkuu heshima yako ila hapo umeteleza. Mali ya mtu ni mali ya mtu. Keysight wenyewe walisema waliyahifadhi inavyotakiwa, na moto ule uliteketeza majengo zaidi ya 5,600, kwani ungepiga hodi ukisikia humu ni chuo kikuu? HP nao walisema bado wanazo nyaraka nyingine za hao wazee. Huku kwetu Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 kazi yake hasa ni ofisi za umma, leo unataka afisa aje afungue kabati la duka langu? Halafu mambo ya Palo Alto sisi wauza kahawa yanatuhusu nini bana.

Mtoa mada: Yanatuhusu kaka, subiri. Kompyuta ya kwanza nchini ililetwa 1965 Wizara ya Fedha, mashine ya kampuni ya Uingereza iliyoitwa ICT, na 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Mjukuu wako akitaka kuandika kilichotokea katikati hapo, nani aliahidi nini, mafundi walifundishwa nini, upande wa serikali atausoma kwetu sawa, upande wa muuzaji je? ICT iliingia ndani ya kampuni ya ICL 1968 na ICL ikaja kumezwa na Fujitsu ya Japani. Yaani kipande cha historia ya Hazina yetu kinafuata kampuni inayouzwa na kununuliwa, kila ikiuzwa kuna mtu anaingia stoo anauliza haya maboksi ya nini.

Mdau mwingine: Si waskani tu yaishe, mnalumbana bure.

Mtoa mada: Dada, flopi zako za chuo unazifungulia wapi leo? Skani ni nzuri, ila nayo inataka mtu wa kuihamisha kila mashine zikibadilika, na huyo mtu analipwa mshahara. Karatasi ukiiweka pakavu inakungoja tu. Angalia hapa hapa Arusha, mahakama ya UN ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipofunga 2015 makabrasha hayakubaki vyumbani kwenye kituo cha mikutano cha AICC, yako Lakilaki kwenye jengo lililojengwa makusudi.

Mdau wa Moshi: Ile hela ya UN hiyo, usilinganishe. Ila hiyo ya Hazina imeniingia kidogo. Nakubali hivi: kampuni ibaki na orijino zake, kopi ipeleke maktaba, na zile za siri zifungiwe hata miaka 30, mradi asilazimishwe mwenye duka dogo.

Mtoa mada: Duka lako sina shida nalo mangi 😂 Nazungumzia wale ambao nusu ya dunia imetumia mashine zao. Miaka 30 poa.

Mdau mwingine: Na hiyo karatasi ya karanga umeitupa?

Mtoa mada: Ninayo, doa la mafuta limekaa juu ya sahihi ila jina linasomeka. Nafikiria huyo mtu wa stoo kama bado yupo hai.