Mrejesho: Picha ya fataki za marehemu baba

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo fataki alizoacha marehemu baba nizichore zikilipuka angani au zikiwa zimelala mezani, na wengi wenu mkashauri la pili. Nimezichora kwa rangi ya mafuta, tambi zake hazijawashwa, kwa kuwa kila Idi alitupeleka uwanja wa Makadara, Mombasa, kutazama za wenzetu huku zake akiziweka kwa ajili ya mwakani. Kijani ndicho kilichonisumbua, maana katika fataki hutokana na chumvi za metali iitwayo bariamu na huonekana zinapoungua tu. Hivyo nimekiweka kwenye karatasi ya ganda, ambayo unyevu wa Mombasa umeshaifubaza. Fataki zenyewe tumezilowesha na kuzitupa. Mama ameomba picha itundikwe sebuleni, jambo ambalo sikulitarajia.