Ruth Williams na Seretse Khama: nani hasa aliikataa ndoa ile?

Mwl_Kikuyu, Dodoma
Wakuu, salaam. Jumamosi klabu ya historia shuleni ina mada ya Ruth Williams, Mwingereza aliyeolewa na Seretse Khama, mrithi wa utemi wa Wangwato, Botswana. Vijana wameshika kwamba kabila lilimkataa mzungu, Seretse akavuliwa utemi. Nahisi kuna kitu kimerukwa. Matukio yalifuatanaje? Na kgotla, yaani baraza lao la wazi, niielezeje kwa watoto wa huku Ugogo?

Bonde_la_Makutupora
Mwalimu, kilichorukwa ndicho kiini chenyewe. Walifunga ndoa 29 Septemba 1948 kwa msajili, Kensington, baada ya kanisa kuwakwamisha. Baraza likaketi mara tatu Serowe, makao makuu ya Wangwato. Novemba na Desemba wengi walikuwa upande wa Tshekedi, baba mdogo wa Seretse aliyemshikia kiti tangu 1926. Hoja haikuwa rangi peke yake: mke wa kgosi, yaani mtemi, ni mama wa watu wote, na mrithi haoi bila wazee kushauriwa. Seretse alioa kwanza, akaja kujieleza baadaye.

Juni 1949 upepo ukageuka. Aliwataka wanaomkubali yeye na mkewe wasimame, maelfu wakasimama, Tshekedi akabaki na wachache. Wengi walishaanza kushuku kwamba baba mdogo anakitaka kiti kiwe chake. Ruth aliingia Serowe Agosti, yaani alikubaliwa kabla hajatia mguu. Hapo wape vijana muda wa kutosha.

Mtemi_wa_Hoja
Naongezea: zuio la Seretse kutawala lilitoka London. Afrika Kusini ilipiga marufuku ndoa za weupe na wasio weupe mwaka huohuo wa 1949, na Uingereza ilitaka dhahabu na urani yake. Ofisi za kuitawala Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo, zenyewe zilikuwa Mafikeng, ndani ya Afrika Kusini! Tume ya uchunguzi ya Waingereza chini ya Jaji Harragin ilimwona Seretse anafaa kutawala, kikwazo kikiwa ndoa yake tu mbele ya majirani. Ripoti ikafungiwa kabatini.

Mapema 1950 waliitwa London wote wawili. Ruth, mjamzito, akagoma kusafiri kwa kuhofia kwamba akitoka hatarudi. Alikuwa sahihi: Machi mumewe alizuiwa kurudi kwao miaka mitano, na 1952 zuio likafanywa la kudumu. Tafadhali msimchore kama mke aliyeburutwa tu na matukio. Na neno "kuvuliwa" lifutwe ubaoni. 1956 Seretse alijiuzulu dai la utemi mwenyewe, ndilo lililokuwa sharti la kurudi kama raia wa kawaida.

Chamwino_Juu
Kuhusu kgotla: chora uwanja wa wazi wenye uzio wa magogo uliopinda kama mwezi mchanga. Enzi hizo walioketi ni wanaume. Anza na jina wanalolijua, Mtemi Mazengo wa Mvumi, ila usiseme taratibu zilikuwa zilezile, hapo ndipo wanafunzi huchanganya.

Watauliza pia watoto wao waliishia wapi, maana mwaka 1948 hofu kubwa ilikuwa nani atarithi. Jibu: mwaka 1979 Wangwato wenyewe walimsimika Ian, mtoto wa Ruth, kuwa kgosi wao, na baadaye akawa rais wa Botswana, 2008 hadi 2018. Ruth alifiwa na mume 1980, hakurudi Uingereza. Alifariki 2002, akazikwa Serowe kando ya mumewe.