Vyanzo vya kuaminika kwa kazi ya historia: mgomo wa Union Minière, Desemba 1941

Mwanafunzi wa Katuba anauliza:

Nawasalimu wakubwa zangu wote. Ninasoma mwaka wa sita wa sekondari hapa Lubumbashi. Mwalimu wetu wa historia ametupa kazi kuhusu mgomo wa Desemba 1941 wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyochimba shaba hapa Katanga wakati wa ukoloni, na ameagiza kwamba kila tutakachoandika kionyeshe kilikotoka. Nimetafuta kwenye intaneti kwa simu, nikapata kurasa nyingi, lakini zinarudia maneno yaleyale bila kusema ni nani aliyeyaandika kwanza. Tena hazipatani kuhusu idadi ya waliouawa: baadhi zinataja watu wasiofika 50, nyingine zinasema walipita 100. Rafiki yangu alinishauri niulize programu ya akili bandia. Ikanipa orodha nzuri ya vitabu, ila kati yake vimo ambavyo sivioni popote, wala jina la mwandishi silioni. Naomba mnieleze nitajuaje kwamba chanzo fulani ni kizuri, na hapa mjini niende wapi, kwa kuwa shule yetu haina maktaba na mega (data) za simu ni ghali. Babu yake mama yangu alifanya kazi katika kampuni hiyo, kwa hiyo nisingependa kuandika uongo juu yao.

Mwalimu wa historia, Kampemba, anajibu:

Mwanangu, hilo la hesabu mbili zisizopatana ndilo litakaloipa kazi yako uzito, kwa hiyo usilikwepe. Uliza kila hesabu ilitoka kwa nani. Ile ndogo ni ya utawala wa kikoloni, ambao askari wake ndio waliowafyatulia risasi wafanyakazi tarehe 9 Desemba 1941. Ile kubwa imetokana na kumbukumbu za wafanyakazi na jamaa zao, kisha waandishi wa baadaye wakaichukua. Serikali ilikuwa na sababu ya kupunguza, hasa kwa kuwa vita vilikuwa vinaendelea na shaba ya Katanga ilihitajika sana, na watu waliofiwa nao hawakuwa na daftari wala nafasi ya kuhesabu maiti wao kwa utulivu. Ukishaeleza hayo, msomaji wako atajua kwa nini hesabu hazilingani, na hilo ni jambo ambalo kurasa ulizozikuta hazimwambii.

Kuhusu kutafuta, nadhani umekuwa ukiandika jina la Lubumbashi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na haukuitwa Lubumbashi hadi mwaka 1966. Likasi nayo ilikuwa Jadotville. Nyaraka na makala za zamani zinatumia majina hayo, kwa hiyo tafuta kwa majina hayo, kwa Kifaransa, pamoja na mwaka na jina kamili la kampuni, yaani Union Minière du Haut-Katanga. Maneno yanayopaswa kukaa pamoja yafunge kwa alama za kunukuu. Utashangaa jinsi matokeo yatakavyobadilika. Jina la Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, litakuletea habari za baada ya kampuni kutaifishwa, kuanzia mwaka 1967, ambazo si za kazi yako.

Badala ya kutafuta kila mahali, ingia moja kwa moja kwenye tovuti za Persée na OpenEdition. Zote mbili zina makala za majarida ya kitaalamu kwa Kifaransa, nyingi zinasomwa bure, na kila makala ina jina la mwandishi, mwaka na namba za kurasa. Wikipedia usiikatae, lakini itumie kama njia ya kupitia: shuka hadi chini ya ukurasa, uone mwandishi alitegemea nini, kisha ukatafute hicho alichokitegemea. Ikiwa chini hakuna kitu, uache ukurasa huo.

Ama ile programu ya akili bandia, inaweza kukusaidia kuelewa neno gumu au kupanga maswali yako, lakini ina tabia ya kuunganisha majina ya kweli na vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Kitabu usichokiona katika katalogi ya maktaba yoyote usikitaje kabisa. Mimi huwaondolea wanafunzi alama nyingi zaidi kwa kosa hilo kuliko kwa kosa lolote la sarufi, kwa sababu anayenitajia kitabu ambacho hakipo ameninyima njia ya kuhakikisha anachosema.

Mama anayefanya kazi ya maktaba anajibu:

Mwalimu amesema vema. Naongeza yale ya hapa mjini.

Mwombe prefe, yaani mkuu wa shule yenu, akuandikie barua yenye muhuri, itakayoeleza jina lako, darasa lako na mada yako. Maktaba za chuo kikuu zimewekwa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo, lakini kijana anayefika na barua na mada iliyo wazi husikilizwa tofauti na anayefika akisema tu kwamba anataka kusoma. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi ulizia kazi za Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, ambaye ameandika mengi kuhusu wafanyakazi wa Union Minière na familia zao akitumia masimulizi yao wenyewe. Ulizia pia mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, uliokusanya habari za maisha ya wakazi wa mji. Mediateki ya Institut français nayo ina vitabu vya historia ya Kongo, na mahali penyewe ni patulivu.

Hifadhi ya nyaraka za kampuni yenyewe iko Brussels, katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, kwa hiyo usihangaike kuitafuta hapa. Utaikuta imenukuliwa katika makala za wanahistoria, nawe utasema wazi kwamba umeisoma kupitia kwao. Ukikuta nukuu za gazeti la L'Essor du Congo la miaka ile, kumbuka kwamba lilikuwa gazeti la wazungu wa Élisabethville, na uandike hivyo.

Kwa upande wa mega, fanya upekuzi wako wote siku moja kwenye kafe ya intaneti, pakua makala zenyewe kwenye fleshi, kisha uzisome nyumbani kwa utaratibu. Pia ipo programu ya Kiwix, ambayo inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti ikishapakuliwa mara moja. Toleo lisilo na picha ni jepesi zaidi.

Mzee wa Kamalondo anajibu:

Mjukuu wangu, waulize na wazee, lakini waulize kwa uangalifu. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1941 leo angekuwa na zaidi ya miaka 100, kwa hiyo sisi tuliobaki tunasimulia tuliyoyasikia. Usiridhike na habari tu, muulize kila mzee, “Wewe uliyasikia kwa nani, naye alikuwa wapi siku hiyo?” Andika jina lake akikuruhusu, tarehe na mtaa. Wasikilize wawili au watatu wasio wa ukoo mmoja.

Tena msidhani kwamba Kiswahili chetu hakina maandishi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Inasomeka bure kwenye intaneti. Humo wanaozungumza ni wale waliopika na kufua, wala si wakubwa wa kampuni.

Mwanafunzi wa Katuba:

Nawashukuru sana. Prefe nitamwona Jumatatu. Naomba kuuliza jambo moja: nimekuta mchoro wa Tshibumba Kanda Matulu unaoonyesha mauaji hayo. Je, mchoro unaweza kuwa chanzo?

Mwalimu wa historia, Kampemba:

Unaweza, mradi useme ni chanzo cha nini. Tshibumba alizaliwa mwaka 1947, na mfululizo wake wa michoro ya historia ya nchi yetu aliuchora katika miaka ya 1970. Hakuyaona mauaji yale, kwa hiyo usimtumie kuthibitisha askari walisimama wapi au walikufa wangapi. Mtumie kuonyesha jinsi watu wa mji huu walivyoendelea kuwakumbuka wafu wao miaka 30 baadaye, na kwamba aliwaita mashahidi kwa maana ya “martyrs” wa Kifaransa, si ya watu walioona tukio, jina ambalo utawala wa kikoloni usingewapa.

Na unapofika kwenye hesabu ya waliouawa, usichukue namba ya katikati ili kuwapatanisha, kwa sababu namba hiyo haikusemwa na mtu yeyote. Ziandike zote mbili, kila moja pamoja na aliyeisema, kisha useme ni ipi unayoiona ina nguvu zaidi na kwa sababu gani.