CT imetoka safi, bado raundi mbili: mama amalizie kemo au tuishie hapa?

Kijana wa Isongole
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo maana nyumbani hatuelewani. Mama yangu mzazi aligundulika na saratani mwaka jana, akaanzishiwa kemo, zile dawa za saratani za dripu, hospitali ya Ocean Road, Dar. Wiki iliyopita kapigwa picha ya CT, majibu safi, uvimbe haupo. Daktari kasema arudi amalizie. Mama hataki hata kusikia. Anasema kapona, viazi vimekomaa shambani, na kwamba kitakachomuua sasa ni dripu, siyo saratani. Kaka mkubwa, ambaye ndiye mwenye hela, anasema amalizie. Mdogo wetu wa kike anasema mama aachwe. Mimi ndiye ninayemsindikiza na ndiye ninayeshika mfuko akitapika kwenye basi, kwa hiyo naona pande zote.

Njia ni tatu: amalizie, apumzike mpaka msimu wa viazi uishe halafu aendelee, au tuache kabisa, tuwe tunampeleka kupimwa tu. Mliopitia mlichagua ipi?

Mla Ndizi Katumba
Pole sana ndugu yangu. Njia ya tatu. Uvimbe haupo, dawa ya nini tena? Chemsha majani ya mstafeli, glasi asubuhi, glasi jioni, nyama nyekundu apunguze. Kuna bibi hapa kwetu anatumia na yuko ngangari, analima mwenyewe.

Mama Lusajo
Huyo bibi alikuwa na saratani ya nini?

Na wewe mleta uzi, umetuandikia habari za viazi, ugonjwa hujautaja. Saratani ya ziwa? Ya kizazi? Ya damu? Hatua ya ngapi? Mama ana umri gani? Kafanya raundi ngapi kati ya ngapi? Mimi mwanangu alikuwa na saratani ya damu. Ilitoweka kwenye vipimo baada ya mwezi wa kwanza tu, lakini tiba ilienda zaidi ya miaka 2, mwishoni vidonge kila siku nyumbani. Tungeacha siku ile ya majibu mazuri sijui ningekuwa naandika nini hapa leo. Ila hiyo ni ya mtoto na ni ya damu, ya mama yako siijui.

Mla Ndizi Katumba
Bibi alikuwa na vidonda vya tumbo. Lakini dawa ni dawa.

Mama Lusajo
Haya.

Konda Mstaafu
Mimi naona hii ni kama TB tu. Nilipokunywa dozi, mwezi wa pili kikohozi kilikata, nikanenepa, nikataka kuacha. Nesi akaniambia miezi 6 ni miezi 6. Amalizie, mjadala ufungwe.

Kijana wa Isongole
Samahani Mama Lusajo, nilikuwa na haraka. Mama ana miaka 63. Ni ya tezi, ilianzia shingoni upande wa kushoto. Kafanya 4 kati ya 6.

Nesi wa Ipogolo
Kamwene wote. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, sasa nimestaafu, kwa hiyo nisichukuliwe kama daktari wake.

Kijana, "ya tezi" haitoshi. Saratani zinazoanzia kwenye tezi za limfu zinaitwa limfoma na ziko nyingi, nyingine za haraka, nyingine za polepole, na tiba hazifanani. Fungua faili, tafuta karatasi ya majibu ya kinyama walichokata. Tuandikie aina, hatua, na jina la mpangilio wa dawa. Usitume picha, kuna jina la mama pale.

Mhehe wa Kihesa
Nesi yuko sahihi. Mimi mwenyewe ni mgonjwa, yangu ni ya tezi pia lakini ile ya polepole. Baada ya kumaliza kemo niliendelea kuchomwa dawa moja tu kila miezi 2 kwa miaka 2. Kwa hiyo mleta uzi jiandae, hata baada ya hizo mbili kuna nyingine.

Kijana wa Isongole
Nimeipata. Imeandikwa DLBCL, hatua ya tatu. Dawa R-CHOP kila siku 21.

Nesi wa Ipogolo
Asante. Sasa tunaongea.

DLBCL ni limfoma ya zile za haraka, na R-CHOP ni mchanganyiko wa dawa tano. Ndugu wa Kihesa, usimtishe mwenzio: ile sindano ya kila miezi 2 ni ya aina yako. Kwa hii ya mama, akimaliza 6 kwa kawaida amemaliza, anabaki na kliniki za kufuatiliwa.

Kuhusu CT safi. Kivimbe cha sentimita 1 kina seli kama bilioni 1. Kikisinyaa hadi milimita 1, CT haikioni tena, na bado kina seli kama milioni 1. "Safi" maana yake mashine haioni kitu. Ni habari njema sana, dawa inafanya kazi. Raundi zilizobaki ni za hizo zisizoonekana. Ugonjwa huu kwenye nchi ambako dawa zote zinapatikana, zaidi ya nusu ya wagonjwa hupona moja kwa moja, na wanaorudiwa wengi hurudiwa ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Ukirudi unahitaji dawa kali kuliko hizi, na huko mbele kuna habari za kupandikiza uloto.

Nisiwafiche: wapo wagonjwa ambao raundi 4 zimeonekana kuwatosha, utafiti umefanyika Ulaya. Lakini walikuwa watu wasiozidi miaka 60, hatua ya kwanza au ya pili, uvimbe mdogo, na hata wao baada ya zile 4 waliongezewa ile R, yaani rituksimabu, peke yake mara 2. Mama ana 63 na hatua ya tatu, hayumo kundi hilo.

Njia ya pili mnayoiona ni ya katikati, mimi ndiyo inayonitisha. Siku 21 zimepangwa ili damu ya mgonjwa ipande tena kabla ugonjwa haujapata nafasi. Kusogeza wiki moja kwa sababu damu iko chini, madaktari hufanya kila siku. Kusogeza miezi mpaka viazi viishe, huko ni kuacha.

Na ile ya TB tuiache. Kule tunaogopa vijidudu kuwa sugu na kuambukiza wengine. Hapa dozi ina ukomo kwa sababu dawa yenyewe inaumiza. Ile nyekundu, doksorubisini, ina kiwango ambacho moyo hauvumilii zaidi, ndiyo maana hupimwa moyo kwanza.

Maswali yangu: alipimwa homa ya ini B kabla ya kuanza R? Na VVU?

Konda Mstaafu
Sasa VVU inaingiaje hapa? Mama wa miaka 63, nesi.

Nesi wa Ipogolo
Inaingia kwa sababu limfoma hii hupata zaidi watu wenye VVU, na sisi Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo tunaoongoza Bara. Miaka 63 siyo chanjo. Na homa ya ini B ikiwa imelala, hiyo R inaweza kuiamsha.

Kijana wa Isongole
Alipimwa vyote, yuko salama. Moyo pia.

Baba Junior Mafinga
Nilitaka kupita kimya nimeshindwa.

Dada yangu alikuwa na ugonjwa huu huu, DLBCL, nimelikariri hilo jina. Tezi shingoni zilikuwa zimemzuia kufunga kifungo cha juu cha blauzi. Baada ya dripu ya pili kifungo kikafunga. Tulifurahi nyumba nzima, shemeji akachinja mbuzi. Ya tatu akaenda kwa shida, akarudi nywele zimeisha na mdomo umejaa vidonda, wiki nzima anakunywa uji wa baridi tu. Hapo shemeji akasema basi, hospitali wanatafuta hela, mke wangu amepona. Kuna mtu kamwelekeza kwa mganga. Mganga akawapa dawa nyeusi kwenye madumu ya lita 5, kila dumu bei yake, na sharti moja: makaratasi yote ya hospitali yachomwe, ati yanashikilia ugonjwa. Wakachoma. Kadi, majibu ya kinyama, CT, kila kitu, jikoni kwenye mafiga.

Miezi mitatu hivi alikuwa mzima kabisa. Anaenda sokoni, anaimba kwaya. Shemeji akawa anatucheka. Halafu likatoka kwapani, halafu tumbo likaanza kujaa. Tulipomrudisha hospitali daktari anauliza alipata dawa gani, dozi gani, mara ngapi, hakuna anayejua. Ikabidi wamkate kinyama upya, tusubiri majibu upya, na huku tumbo linakua. Walipomwanzishia zile dawa nyingine kali alifanya moja tu. Shemeji msibani alisema ni kazi ya Mungu. Mimi mpaka leo sijamsalimia.

Kijana, mstafeli na madumu sipingi kwa hasira tu. Nimeona.

Mama Lusajo
Pole sana baba.

Mla Ndizi Katumba
Pole mkuu. Lakini mganga tapeli asifanye dawa za asili zote zionekane uongo. Wazee wetu walitibiwa na nini?

Konda Mstaafu
Na kikombe je? 2011 nilibeba abiria kutoka Mbeya mpaka Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa Sh 500 kwa Babu, yule mchungaji mstaafu. Watu walitoka mahospitalini na dripu mkononi. Nimesubiri foleni porini siku kadhaa. Wengi niliowapeleka sikuwaona tena, sijui kama walipona au vipi.

Nesi wa Ipogolo
Mla Ndizi, nikufurahishe kidogo. Kwenye hiyo R-CHOP ya mama, kuna dawa inaitwa vinkristini. Inatokana na ua la Madagaska ambalo watu wanalipanda uani kama pambo. Kwa hiyo dripu hiyo unayoiogopa mmea umo. Tofauti ni kwamba kiwango kinapimwa kwa miligramu, na ikikosewa inaua. Majani ya mstafeli unayapima kwa glasi.

Mla Ndizi Katumba
Si ndiyo nilichosema tangu mwanzo? Ni mimea.

Mtoto wa Mzee Sae
Wanaosema amalizie waseme na upande wa pili. Baba yangu alimaliza ya tano, siku ya kumi akapata homa. Kituo tulichompeleka wakasema malaria, wakampa dawa za mseto, rudini nyumbani. Kesho yake alfajiri hayupo. Saratani ilikuwa imeshatoweka kwenye picha. Kwa hiyo mama anaposema dripu itamuua haongei upuuzi.

Nesi wa Ipogolo
Haongei upuuzi hata kidogo. Pole mdogo wangu. Kijana, hili liandike ukutani: kuanzia siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dripu, kinga iko chini kabisa. Joto likifika 38, usiku au mchana, hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na ukifika sema "yuko kwenye kemo" kabla hujasema jambo lingine. Nunueni kipimajoto.

Mama Lusajo
Kijana, hivi kuna mtu amemuuliza mama mwenyewe anaogopa nini hasa? Mnaongea kaka, dada, wewe. Yeye kasema nini, kwa maneno yake?

Kijana wa Isongole
Nimemuuliza sasa hivi. Kanionyesha vidole. Anasema vimekufa ganzi, jana alikuwa anamenya kiazi kisu kikamdondoka mara mbili, vifungo anafungwa na mjukuu. Anasema "mkinipeleka tena mtanirudisha nisiyeweza kushika jembe, nitaishi niwe mzigo wa nani?" Halafu safari. Anashuka dripu leo, kesho alfajiri tuko kwenye basi, mlima Kitonga anatapika mpaka nyongo. Kuhusu nywele wala hajalalamika.

Nesi wa Ipogolo
Ganzi ya vidole ni vinkristini hiyo hiyo. Daktari anajua?

Kijana wa Isongole
Hajamwambia. Akiulizwa "mama unaendeleaje" anajibu "salama, tunamshukuru Mungu".

Nesi wa Ipogolo
Mama zetu bwana. Basi mrudi mkamwambie daktari habari ya kisu, hivyo hivyo. Vinkristini hupunguzwa au huondolewa ganzi ikizidi, na dawa za kutapika ziko zaidi ya aina moja. Kumaliza siyo lazima iwe kwa namna ile ile iliyomtesa. Lakini akishaelezwa yote hayo na bado akasema hapana, mwili ni wake.

Mhehe wa Kihesa
Na msisafiri kesho yake. Laleni Dar siku mbili tatu. Au pandeni treni ya TAZARA, mgonjwa anajinyoosha.

Konda Mstaafu
TAZARA? Utaambiwa saa nane inatoka saa mbili usiku. Basi la mchana, siti za mbele, asikae juu ya tairi. Kitonga siyo tatizo, tatizo ni madereva wanaokata kona kama wanakimbizwa.

Mtoto wa Mzee Sae
Ndege ya Songwe saa moja na kitu tu umefika.

Konda Mstaafu
Nauli utampa wewe?

Mla Ndizi Katumba
Na asile kitu kwenye basi zaidi ya ndizi ya kuchoma.

Kijana wa Isongole
Ndagha fijo wote. Jumamosi tunakaa kikao na mjomba, mama atakuwepo, nitamwambia kaka amwache aongee wa kwanza. Sijui itaishaje. Dada bado anasema hapana, na ile hadithi ya kifungo nimemsomea akanyamaza tu.

Baba Junior Mafinga
Makaratasi yafungie sandukuni.

Mama Lusajo
Mkienda Dar, mimi nililala kwa mama mmoja anapangisha vyumba, siyo mbali na hospitali, choo ndani, jikoni unapika uji mwenyewe. Wagonjwa wengi wa mikoani wanashukia kwake.

Mtoto wa Mzee Sae
Mama, anachukua na wasindikizaji wawili? Shangazi yangu anaanza mionzi mwezi ujao.

Mama Lusajo
Anachukua, ila mpigie mapema. Namba nakutumia pembeni.