Siku tatu za mvua ndani ya gari la kulala, kando ya bahari: tuzitumieje?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tumo safarini kwa gari la kulala, tukifuata ufuo kwa siku saba, na utabiri unaonyesha mvua na upepo mkali kuanzia kesho kwa siku tatu mfululizo. Sitaki kukatisha safari. Hata hivyo, jana yalipita manyunyu ya saa moja tu, na asubuhi vioo vilikuwa vikitiririka maji kwa ndani, godoro limelowa upande wa ukutani, na watoto wakigombania dirisha moja. Mliokwisha kupitia hali hii mlifanyaje ili siku hizo zisipotee bure?

Jibu la kwanza
Pole, dada. Anza na unyevu, kwa sababu watu wakilala pakavu hata mvua ya siku nzima huvumilika. Huenda maji hayo hayakuvuja kutoka nje: ni pumzi zenu wanne, pamoja na mvuke wa chai na wa nguo mbichi, vilivyokutana na kioo baridi vikageuka matone. Kwa hiyo, ingawa moyo utakutuma kuziba kila upenyo, acha tundu la paa na dirisha moja la upande usiopigwa na upepo wazi kidogo usiku kucha, upana wa kidole tu. Asubuhi futa vioo, kisha simamisha godoro lipate hewa kwa chini. Jambo moja si la mjadala: msiwashe jiko la gesi ili kuota moto, kwani monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huwaua watu wakiwa usingizini.

Jibu la pili
Elekezeni pua ya gari kule upepo unakotoka. Likikaa ubavu litawayumbisha hadi alfajiri. Turubai la kivuli likunjwe kabla ya kulala, hata kama hewa imetulia. Letu tuliliacha wazi, na saa nane usiku tuliamshwa na nguzo yake ikigonga paa kama mtu anayebisha hodi kwa rungu. Msiegeshe ukingoni mwa genge pia, maana udongo ulioshiba maji humeguka. Upepo ukifika kilomita 62 kwa saa, yaani daraja la 8 katika kipimo cha Beaufort, bakini mlipo.

Jibu la tatu
Wenzangu wamesema ya ndani, lakini raha yenyewe iko nje. Ni nadra mvua kunyesha kwa nguvu ileile kutwa nzima, basi pangeni siku kwa kufuata jedwali la maji kujaa na kupwa badala ya kusubiri jua. Kama ni bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa mbali zaidi, na ufuo uliotoka kupigwa na dhoruba huwa umejaa mwani, makombe na magogo. Wapeni watoto kazi ya kutafuta kimfuko cheusi kama cha ngozi, chenye pembe nne: hilo ni ganda la yai la samaki aitwaye taa au la aina fulani ya papa. Msiipe bahari mgongo, wala msiliamini jedwali kupita kiasi, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali moja, maji hupanda takriban sentimita moja. Mkisikia radi, rudini garini mkae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Bodi ya chuma inawakinga. Paa la kitambaa halikingi.

Muulizaji
Asanteni sana. Paa letu ni la kuinua, lenye kuta za kitambaa, na watoto ndio wanaolala juu; usiku wa leo tunalishusha na wote wanne tutabanana chini. Kesho maji yatapwa saa nne asubuhi, na mkubwa amekwisha kutenga ndoo ya kukusanyia.